Boti Mbili za Mwenye Shamba

Mara ya kwanza kuziona zile boti nilidhani ni majeneza.

Nilikuwa nimeolewa karibuni, nimehamia kwa mume wangu kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Bumbuli. Yeye alikuwa fundi wa gereji ya shamba. Siku hiyo nilimpelekea chakula cha mchana nikamkosa gerejini, wakaniambia yuko ghala la juu, lile lililojengwa ukingoni mwa msitu. Nikapanda. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migrivea, huoni hata mti wa pili. Nikaufuata mlio wa nyundo. Ndani ya ghala kulikuwa na vitu viwili virefu vimelala sambamba juu ya trela, vimefunikwa turubai na kufungwa kamba.

"Amekufa nani?" nikauliza.

Mume wangu akacheka, kicheko chake kikagonga mabati na kurudi. "Hajafa mtu. Hizi ni boti."

Boti! Mimi nilizaliwa Rangwi na mto mkubwa kuliko yote niliowahi kuuvuka ulinifika magotini. Akafungua kona ya turubai nione. Zilikuwa mali ya mwenye shamba, Mzungu aliyeishi peke yake kwenye nyumba ya mawe. Hazikuwa za kuvulia wala za kubebea mizigo. Zamani, kila likizo, lori la shamba lilizivuta kuteremka kona za Soni hadi Tanga, yeye na rafiki zake wakashinda ghubani wakikimbizana majini kwa raha zao. Kisha mwaka mmoja akarudi kabla ya likizo kwisha, akaamuru boti zipandishwe ghala la juu, na hazikushuka tena. Hakuna aliyejua kilichotokea. Lakini mume wangu alitakiwa azitunze vilevile: kuziwasha injini ndani ya pipa la maji, kuzipaka grisi, kufukuza panya. Injini zile zikiwashwa kule juu ukingoni mwa msitu, mlio uliteremka bondeni na wachumaji wakainua vichwa. Wengine walisema mwenye shamba anafukuza kitu kilichomfuata kutoka baharini.

Azimio la serikali kutaifisha mali lilipotangazwa redioni tulikuwa tunasikiliza wote, kwenye kibaraza cha mtunza stoo wa kiwanda. Huyu alikuwa rafiki wa mume wangu, nami nilimwita shemeji. Mtu mnene, mwenye mzaha, lakini kazini hakuachia hata parafujo moja itoke bila kujua itarudi lini. "Kitu kisichorudi stoo hunikosesha usingizi," ndivyo alivyokuwa akisema, na mkewe akaongeza kwamba hata vijiko vya nyumbani alivihesabu.

Baada ya hapo shamba likawa kama nyumba yenye mgonjwa. Watu walisema kwa sauti ya chini. Walikuja wageni wenye mashati meupe, wakatembea kwenye mistari ya chai wakitazama bila kuuliza. Mwenye shamba akaanza kufunga masanduku. Siku moja akawaita mume wangu na mtunza stoo ghalani. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeleta uji.

"Mimi naondoka," akasema. Alikizungumza Kiswahili vizuri, ila alikizungumza kama mtu anayetoa amri hata pale alipokuwa hatoi. "Boti hizi sizichukui. Wewe umezitunza, chagua moja. Inayobaki ni ya mwenzako."

Mume wangu alizitazama zile turubai. Miaka yote ile alikuwa amezipangusa boti zile kama mtu anayelea watoto wa jirani.

"Zina tofauti gani, bwana?" mtunza stoo akauliza.

Mwenye shamba akavua turubai zote mbili. Nje hazikutofautiana sana, moja nyekundu na moja nyeupe. Akatuambia tuiname tutazame chini, na hapo ndipo nilipoona kwamba matumbo yao hayakuwa ya namna moja. Nyekundu ilikuwa na tumbo bapa, limenyooka kama sinia. Nyeupe ilikuwa imechongoka: mgongo mmoja katikati, kutoka puani hadi nyuma, na pande zake zikipanda kama kifua cha kuku.

"Hii bapa," akasema, "ukiingia haichezi. Maji yakitulia inateleza juu yake, injini ndogo inatosha, inapita hata mahali ambapo mtoto anaweza kusimama. Lakini wimbi likija inalipiga wimbi, na wimbi linakupiga wewe. Mgongo wako utakuambia."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe inapasua wimbi. Lakini inakula petroli. Ikisimama inayumba. Ikienda polepole inakalia matako yake. Inataka mwendo, inataka kina." Akapitisha kiganja chake chini ya boti nyeupe, akafika mahali pamoja akasimama. Palikuwa na kiraka, rangi yake haikulingana na nyingine. Mume wangu alikijua kiraka kile, aliwahi kunionyesha. Siku ile akapata ujasiri wa kuuliza.

"Hapa paligonga nini, bwana?"

Mwenye shamba akauondoa mkono. "Jiwe," akasema, akatoka nje kwenye ukungu bila kofia yake.

Tulianza kuchagua, na kuchagua kule kulitunyima amani. Mume wangu aliitaka nyeupe. Alisema boti ni ya kukabili maji mabaya, kwa sababu maji mazuri hata gogo linayaweza. Mtunza stoo aliitaka nyekundu na hakuficha. "Mimi nataka niketi kama niko sebuleni," akasema. "Mke huku, watoto kule, chungu cha wali katikati. Kama kuna mawimbi, siku hiyo nalala." Mimi, nikiulizwa, nilisema nyekundu, kwa sababu niliwahi kupanda juu ya nyeupe pale kwenye trela na hata pale, juu ya magurudumu, niliiona kama inataka kuniangusha.

Mama mkwe hakutaka hata moja. Alikuja kutoka ng'ambo ya bonde na kikapu cha mapeasi, akakaa jikoni kwangu, akasema na mwanawe kwa Kishambaa, kama alivyofanya kila jambo lilipokuwa zito.

"Mgoshi, mwanangu, sisi maji yetu tunayachota kwa mtungi," akasema. "Mchungaji akiniuliza nitamjibu nini? Kwamba mwanangu ana boti ya kuchezea?"

"Mama, ni zawadi."

"Zawadi ya mtu anayekimbia. Umemuuliza anakimbia nini?"

"Anaondoka kwa sababu ya siasa, mama."

"Siasa imekuja juzi," mama mkwe akasema. "Boti zimepandishwa ghalani kabla ya siasa."

Akamenya peasi, akanipa mimi nusu, akakataa kukaa mpaka chakula kiive.

Siku chache baadaye alikuja balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mtu mzima, mpole, asiyepandisha sauti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi.

"Nasikia mnarithi mali ya mwenye shamba," akasema.

"Boti, mzee," mume wangu akajibu. "Moja."

"Ya kuvulia?"

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo. Mtunza stoo alikuwa amekwisha kusema hivyo kuhusu ile nyekundu, kwamba ataitoa kwa kikundi cha uvuvi akipata kikundi, na watu walimwamini kwa kuwa ile bapa ilifanana kidogo na chombo cha kazi. Ile nyeupe ilikuwa na viti vya ngozi na kioo cha mbele. Haikufanana na kazi yoyote.

"Ya kutembelea, mzee," mume wangu akasema.

"Kutembelea wapi?"

"Majini tu. Kwenda na kurudi."

Balozi akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira. "Mwanangu, siku hizi mtu asionekane anatembea peke yake. Nakwambia kama ninavyomwambia mdogo wangu." Akanywa chai yake, akaaga. Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu waliotusalimia na walionyamaza.

Mwenye shamba akaamua wazijaribu kwanza, ili asije akasikia huko aendako kwamba waligombana. Tanga hakutaka hata kuitaja. Akachagua Nyumba ya Mungu, lile bwawa kubwa lililofungwa kule nyuma ya milima ya Upare, lililokuwa bado jipya. Lori likavuta trela moja na Landrova trela ya pili, tukateremka Soni, tukapita Mombo, tukashika barabara ya tambarare yenye joto na mikonge. Nilikuwa sijawahi kufika mbali kiasi hicho. Mwishowe nikaliona bwawa. Lilikuwa la rangi ya bati, halina mwisho, na ndani yake ilisimama miti mikavu, mingi, imechomoza mikono tu. Ilikuwa imezama ikiwa hai na hakuna aliyeikata kwanza.

Pale ufukweni tulimkuta mama mmoja Mpare akikausha perege juu ya moshi. Alitupa kivuli na maji ya kunywa.

"Pale," akaniambia akielekeza kwa kidole chenye magamba ya samaki, "nilikuwa nakata kuni. Pale kwenye ndege mweupe, lilikuwa boma la shangazi yangu."

"Wakahamishwa?"

"Wakaambiwa maji yanakuja. Shangazi hakuamini. Akaondoka siku aliyoona kuku wake wamepanda paa."

Asubuhi ile maji yalikuwa kimya. Tulianza na nyekundu. Nakiri niliipenda. Niliingia kama naingia chumbani, haikutikisika, na ilipoondoka iliteleza kwa wepesi hata nikatia mkono majini. Mtunza stoo alikaa katikati amefumba macho akitabasamu. Tukapita juu ya matope na majani, mahali ambapo ningeweza kuona chini. Kisha tukapanda nyeupe. Iliyumba nikashika kila kitu. Polepole ilivuta nyuma yake kama mnyama mwenye mimba, lakini mume wangu alipoongeza moto ikainua pua, ikajilaza, ikaruka. Sikuwa nimewahi kumwona na uso ule.

Kabla ya saa sita upepo ukaja. Haukuanza kidogo kidogo. Ulifika wote kwa pamoja kutoka upande wa milima, na lile bati likawa matuta. Mwenye shamba akasema, "Sasa." Akatupandisha kwenye nyekundu tena. Hapo nilielewa maneno yake. Kila wimbi lilikuwa ngumi chini ya makalio yangu. Meno yaligongana. Niliuma ulimi, nikatapika, mtunza stoo akapauka akawa anaomba Mungu kwa lugha mbili. Tuliporudi ufukweni, mume wangu na mwenye shamba wakatoka na nyeupe peke yao, nami nikaitazama ikipasua mawimbi yale kama jembe udongo wa masika, haipigi, haigutuki.

"Nimechagua," mume wangu akasema alipoteremka, maji yakimtiririka.

"Na mimi sijabadili," akasema mtunza stoo, bado amejikunja. "Mimi na mawimbi hatujawahi kuwa na ahadi."

Tulicheka wote isipokuwa mwenye shamba. Alikuwa amesimama amelipa bwawa mgongo. Mwezi ule ule akaondoka nchini, hatukupata habari zake tena. Boti tulikuwa tumeziacha pale kwa mama wa samaki, chini ya kibanda cha matete, na baada yake hatukupata tena lori la kuzipandisha.

Mtoto wetu wa kwanza akazaliwa, shamba likapata uongozi mwingine, na mume wangu akabaki fundi. Tulikwenda bwawani mara moja tu wakati wa likizo, siku mbili za raha ambazo mpaka leo nikizikumbuka naona aibu kidogo, kana kwamba tulizichukua mahali bila ruhusa. Kisha mvua zikakosekana. Huku juu maharage yalikauka yakiwa na maua, na kule chini wakasema mto hauna maji ya kulisha bwawa. Ilikuwa mwisho wa kiangazi hicho tulipokwenda tena: mimi, mume wangu na mtunza stoo. Mtoto nilimwacha kwa mama mkwe. Mke wa mtunza stoo alikuwa na mtoto mwenye homa, hakuja.

Nililitafuta bwawa nisilione. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha uwanja mkubwa wa matope yaliyopasuka, na kibanda cha mama wa samaki kikawa mbali na maji, pweke. Miti niliyoijua ilikuwa imesimama nchi kavu hadi kwenye mizizi, myeupe kama mifupa. Mingine mipya, ambayo sikuwahi kuiona, ilikuwa imechomoza katikati ya maji.

"Mama, tupite wapi?" mume wangu akamuuliza yule mama.

Alitazama muda mrefu. "Zamani ningekwambia," akasema. "Maji yakiwa juu nilijua kilicho chini. Sasa yanapanda yanashuka, miti inaanguka, inasogea. Siku hizi hata mimi sijui nini kiko wapi. Wavuvi wanakwenda na upondo, wanapapasa chini kwa mti kabla ya kupita. Nendeni na upondo."

Tulibebwa na raha ya asubuhi. Maji yalikuwa tulivu kabisa. Mtunza stoo alitangulia na nyekundu yake, akichokora chini kwa kasia. Sisi tulimfuata na nyeupe. Lakini nyeupe ikienda polepole ilikaa chini sana, na panga boi lake likawa linagusa matope. Tulisikia likisaga, likitapika maji meusi yenye harufu ya majani yaliyooza. Mume wangu akazima, akawasha, akazima.

"Tukiendelea hivi nitavunja injini," akasema. "Ikikimbia inapanda, inahitaji maji kidogo. Tutoke hapa upesi tufike kwenye kina."

"Mama wa samaki kasema upondo," nikamwambia.

"Mpaka pale tu kwenye weusi. Unaona pale? Pale pana kina. Shika."

Nikashika. Alikuwa anasema kweli: boti ilipanda. Matope yakaachia, upepo ukanipiga usoni, na tukafika kwenye maji meusi, na nikaanza kucheka kwa kuwa hofu ilikuwa imeniachia.

Sikusikia kishindo. Nilisikia kama kanga ikichanwa. Kisha nilikuwa ndani ya maji, kiza cha kahawia, sijui juu ni wapi, sijui kuogelea. Mkono wangu ukakutana na kitu kigumu chenye utelezi nikakikumbatia. Lilikuwa tawi. Nikapanda nalo mpaka kichwa changu kikatoka. Mti ule ulikuwa umeishia kiganja kimoja tu chini ya maji. Ndio uliotugonga, nao ndio nilioushika. Boti ilikuwa imelala upande mmoja juu yake, imepasuka tumbo, na si pale penye kiraka. Palikuwa mahali pazima. Mume wangu alikuwa ameng'ang'ania ukingo wake kwa mikono, na mguu wake mmoja ulikuwa umegeuka upande ambao mguu hauendi.

"Upo?" akaniita.

"Nipo."

"Usiachie."

Mtunza stoo alitujia kati ya miti. Hakuweza kutumia injini. Aliinyanyua akasukuma kwa kasia, na lile tumbo bapa likapita juu ya matawi, likikwaruzwa kwa sauti ambayo bado inanikereketa menoni. Boti yoyote nyingine isingefika pale. Akanivuta mimi kwanza. Kumpandisha mume wangu kulichukua nguvu zetu zote, na alipolala sakafuni mwa boti rangi yake ilikuwa kama majivu.

Tukageuka kurudi. Hapo upepo ukaja.

Wenye kujua mawimbi makubwa ya bahari wangecheka mawimbi yale. Lakini tulikuwa watu watatu ndani ya sinia. Kila pigo lilimwinua mume wangu na kumwangusha, na kila alipoangushwa alipiga ukelele. Kisha akaacha kupiga kelele, na hiyo ikawa mbaya zaidi. Maji yaliingia kwa juu. Mtunza stoo akanitupia sufuria ya wali, wali wetu wa mchana ukamwagika miguuni.

"Shemeji, chota!" akasema. "Usitazame mawimbi. Tazama sufuria."

Nikachota. Yeye alishika usukani kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili alikuwa ameshika ukosi wa shati la mume wangu, akisema naye, akimwita. Sikusikia maneno yote kwa sababu ya upepo. Nilichota mpaka boti ikasugua matope, na wavuvi wakaja mbio, maji yakiwafika viunoni.

Gari la samaki lilikubali kumpeleka mume wangu hospitali. Nilipanda pamoja naye nyuma, juu ya matenga. Mtunza stoo alibaki chini, amelowa, anatetemeka, lakini amekwisha kuanza kufikiria.

"Nendeni. Kesho asubuhi kabla ya upepo naifuata ile injini yenu, kisha nawafuata."

"Achana nayo, shemeji," nikamwambia. "Tafadhali. Tupande wote."

"Wavuvi wataifungua vipande vipande. Ni kazi ya muda mfupi tu. Unanijua mimi, kitu kisichorudi stoo..." Akajaribu kutabasamu. Dereva akatia gia.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama wa samaki. Alisema alfajiri ile maji yalikuwa kama mafuta ndani ya kikaango. Alimpa chai, akamwambia angoje mwanawe amsindikize. Mtunza stoo akasema hapana haja, nyekundu haiyumbi. Upepo siku hiyo uliwahi. Haukungoja hata jua likolee. Walipokwenda kumtafuta waliikuta nyekundu ndani ya matete, imekaa sawa bila kupinduka, haina hata mkwaruzo mpya, maji kidogo tu sakafuni. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa pamoja chini ya kiti. Kwenye mti, injini yetu ilikuwa imefungwa kamba vizuri, kamba nyingine inaelea. Labda aliinama kuivuta akateleza. Labda aliingia majini kufungua boliti. Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka, wakatafuta tena. Hawakumpata.

Mume wangu alihamishiwa hospitali ya misheni Bumbuli, akalala na uzito umening'inizwa kwenye mguu. Nilingoja homa ishuke ndipo nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na boti yake?" akauliza.

"Haikupata kitu."

Akageuza uso ukutani. Hakula siku ile, wala hakulia mbele yangu.

Huku shambani maneno yalikuwa mengi. Wapo waliosema boti zile zilikuwa na deni la damu tangu Tanga. Wapo waliosema ndiyo malipo ya kujitenga. Nilimngoja balozi aje aseme lake. Alikuja msibani kwa mtunza stoo kabla ya wote, akapasua kuni tangu asubuhi hadi jioni, akaondoka bila kusema neno lolote kuhusu boti. Mama mkwe naye hakusema, "Nilikwambia." Alimchukua mke wa marehemu akalala naye chumba kimoja mpaka matanga yalipokwisha, matanga yasiyo na kaburi.

Nyekundu ilibaki kwa mama wa samaki. Mke wa marehemu alituma neno kwamba waivulie, yeye haitaki. Nyeupe ilioza pale pale mtini.

Mume wangu alipona na nyonga iliyopinda. Gereji hakuiweza tena. Alipewa mashine ya kusaga ya kijiji, kazi ya kukaa. Kwa miaka mingi hatukuzungumzia siku ile. Aliweza kueleza kila aina ya injini, lakini mtu akitaja bwawa alitoka nje.

Kisha mke wa mtunza stoo akaamua kurudi kwao Zirai na wanawe. Alikuja kutuaga siku moja kabla ya safari. Alikaa, akazungusha kikombe chake mkononi, chai ikapoa.

"Shemeji," akamwambia mume wangu, "sijawahi kukuuliza. Ulipokuwa umelala chini mle kwenye boti, mwenzangu alikuwa anasemaje?"

Nikafungua mdomo nimsaidie. Mume wangu akaniinulia kiganja.

"Alikuwa anamwambia huyu achote maji," akasema. "Mimi alinikataza kufumba macho. Kila nikifumba ananivuta ukosi, ananiita. Aliniuliza majina ya watoto wake. Nikikosea anasema, 'Rudia.' Mmoja mmoja, wote."

Mke wa mtunza stoo akaweka kikombe chini. "Watoto wakiugua alikuwa anawafanyia hivyo hivyo," akasema. "Anawataka wahesabiane."

Kesho yake mimi na mume wangu tulikwenda stendi ya Soni kumsaidia kupakia. Utingo alikuwa anapiga kelele kwamba basi limechelewa, mume wangu akapanda juu ya keria ya basi na nyonga yake ile, akaifunga mizigo upya, yote, akaivutavuta mpaka aliporidhika. Basi likaondoka, watoto wakatupungia mikono hadi kona. Tulirudi nyumbani kwa miguu, polepole. Tulipofika kwenye mteremko wa kanisani, ambapo njia huwa na utelezi, akaniomba nimshike mkono.